Vidole vya Muleba

Mwanzoni mwa mwaka 2015 kaya za wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ziligawiwa vyandarua ambavyo kwa kuvitazama tu usingejua kipi ni kipi. Vyote vilitiwa dawa kiwandani, na vyote vilitundikwa juu ya vitanda vilevile vya mbao. Siri ilikuwa ndani ya nyuzi. Maeneo 48 ya wilaya yalikuwa yamepigiwa kura: huku chandarua cha kawaida, kule chandarua chenye kemikali ya ziada, na katika nusu ya maeneo yote nyumba zilipuliziwa dawa ukutani pia. Baada ya hapo wapimaji walikuwa wakirudi kila baada ya miezi kadhaa, wakiwachoma vidole watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 14 na kutafuta vimelea vya malaria katika tone la damu. Utafiti huo uliongozwa na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao wa Moshi na London. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, lakini hata kabla hayajachapishwa, Septemba 2017, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kupendekeza vyandarua hivyo vitumike mahali ambapo mbu wameizoea dawa ya zamani. Mama wa Kampala anayemlaza mtoto wake leo chini ya chandarua cha aina hiyo hana sababu ya kuijua Muleba. Kibali cha chandarua chake, hata hivyo, kilitoka kwenye vidole vya watoto wa huko.

Anayetoka Bukoba mjini kwenda Muleba hulifuata ziwa kwa upande wa kushoto, akapita Kemondo, akapita Muhutwe, akaingia kata ya Izigo. Ni nchi ya vibanja: migomba imezunguka nyumba, kahawa imesimama chini ya migomba, maharage yamejipenyeza chini ya kahawa. Nje ya vibanja ni rweya, nyika ya majani isiyo na rutuba, na kati ya vilima kuna mabonde ya matete yanayohifadhi maji hata jua likiwaka. Mbu hawahitaji zaidi ya hapo. Vitabu vya historia ya tiba havina ukurasa wa Izigo, na sioni kosa katika hilo. Ila ukanda huu mzima, kutoka Kiziba kaskazini hadi Muleba kusini, umepimwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini, kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wapimaji walikuja wakaondoka, na maarifa waliyoyapata yakasafiri mbali. Mimi nawapima kwa kilichobaki nyumbani walipoondoka.

Wa kwanza kujulikana walifuata tauni. Mwaka 1897 daktari wa jeshi la Wajerumani, Zupitza, alitumwa Kiziba kuchunguza ugonjwa wa matezi uliokuwa ukiua watu, na vielelezo alivyovikusanya vikamfikia Robert Koch, bingwa wa bakteria aliyekuwa wakati huo katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Koch alitambua kwamba ni tauni ileile iliyokuwa ikiitikisa Bombay. Mwaka 1898 aliutangazia ulimwengu wa tiba kwamba nchi ya Kiziba ilikuwa moja ya makao ya kudumu ya ugonjwa huo. Katika taarifa zake kuna jambo ambalo kwa Wahaya, wenyeji wa ukanda huu, halikuwa jipya hata kidogo: panya walipoanza kufa ndani ya nyumba, watu waliihama. Wakati huo mabingwa wa Ulaya na Asia walikuwa bado wanabishana panya wana nafasi gani katika tauni. Jibu lilikuwa limekaa Kiziba, likifanyiwa kazi, bila maabara. Koch aliliandika kama jambo la kuvutia, akaendelea na safari.

Alirudi miaka michache baadaye kwa sababu ya malale. Ugonjwa huo ulilipuka Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ukaua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa. Mwaka 1906 Koch alipiga kambi visiwani Sese, upande wa Waingereza, na mwaka uliofuata Wajerumani wakafungua kambi yao ya wagonjwa Kigarama, Kiziba, kwa msaada wa Mukama Mutahangarwa, mtawala wa Kiziba. Walipowauliza wagonjwa walikotoka, ilibainika kwamba wengi walikuwa wameuchukua ugonjwa Uganda, walikokwenda kutafuta fedha, wengine kwa kugema mpira wa porini. Kodi ya mkoloni ilidai fedha, fedha ilikuwa ng'ambo ya mpaka, na mbung'o walikuwa pwani ya ziwa. Malale ya Kiziba ulikuwa ugonjwa wa safari za kibarua kabla haujawa ugonjwa wa wadudu, na jambo hilo litajirudia miaka ya themanini kwa ugonjwa mwingine.

Kambi hizo zilianzisha kazi ambayo haikuwahi kuwapo: Waafrika waliofundishwa kupapasa shingo za watu vijijini ili kutambua tezi zilizovimba. Walikwenda kijiji kwa kijiji, wakawasimamisha watu mstari, wakapeleka kambini waliowashuku. Huko dawa ilikuwa atoksili, sindano yenye aseniki ndani yake. Wagonjwa walipata nafuu kwa wiki kadhaa, nao hawakuwa wajinga: waliitafuta nafuu hiyo kwa hiari. Koch aliona nafuu haidumu, akaongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Habari ya upofu haikuhitaji gazeti ili ifike vijijini, na watu wakaanza kutoroka. Koch alishauri pia vichaka vya ufukweni vifyekwe na mamba wauawe, kwa kuwa mbung'o walikuwa wakinywa damu yao. Vichaka vilifyekwa kweli. Vita vya mwaka 1914 vilipokuja, mpango mzima ulisambaratika, na tiba yenyewe ya atoksili hatimaye ikaachwa.

Waliobaki ni watu wa dini. Rubya, Kagondo na Ndolage ni majina ambayo mtu yeyote wa Muleba huyataja kwa mazoea, mawili ya kwanza kwa Wakatoliki na la tatu kwa Walutheri, kule karibu na Kamachumu. Hospitali hizo hazikuwa na maswali makubwa ya kisayansi. Zilizalisha wajawazito, zikashona majeraha, zikafundisha wauguzi. Ndizo zilizopokea kila mlipuko uliofuata, na Rubya ikawa kwa miaka mingi hospitali teule ya wilaya, serikali ikichangia gharama na kanisa likiendesha. Wanaoandika historia ya afya hupenda ugunduzi, na hospitali inayofungua mlango kila asubuhi haina ugunduzi wa kuandikiwa. Nadhani ndiyo maana Koch ana sanamu Berlin na wakunga wa Rubya hawana.

Jambo jingine lililobaki lilikuwa shimo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma vijijini nchi nzima, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mwongoza kikundi aliwasha redio, wenzake wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya. Walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakachemsha maji. Kampeni hii haikumchoma mtu kidole wala kumpapasa shingo. Ilimwomba achimbe. Wasomi wa elimu ya watu wazima bado wanaitaja kwa heshima, lakini katika mijadala ya afya imesahaulika, labda kwa sababu haikuacha bidhaa ya kuuzwa.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa 1978, na Tanzania ikayafukuza hadi Kampala mwaka 1979. Baada ya vita nchi ilikuwa tupu: hakuna sabuni, hakuna nguo, hakuna sukari. Biashara ya magendo na Uganda ikastawi, vijana wakapata fedha za haraka, njia zikajaa wasafiri. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiingizwa kwa magendo.

Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden walifanya jambo ambalo wakati huo karibu hakuna mkoa wa Afrika uliokuwa umefanyiwa: walipima damu za watu wazima katika mkoa mzima, si hospitalini bali majumbani. Bukoba mjini walikuta asilimia 24.2 wana virusi. Bukoba vijijini na Muleba, asilimia 10. Karagwe 4.5. Ngara na Biharamulo, ambako barabara za biashara ya magendo hazikufika kwa wingi, asilimia 0.4. Ndani ya mkoa mmoja kulikuwa na nchi tatu au nne tofauti. Katika kijiji cha Muleba takwimu ile ilikuwa na maana kwamba katika kila watu wazima kumi wanaokutana kwenye maziko, mmoja atazikwa ndani ya miaka michache, na hakuna aliyejua ni yupi.

Watafiti hawa waliendelea kurudi. Muleba walikuta asilimia 6.8 mwaka 1996, kisha 4.3 mwaka 1999. Kwa wanawake wa Bukoba mjini wenye umri wa miaka 15 hadi 24 maambukizi yalishuka kutoka asilimia 27.6 mwaka 1987 hadi 11.2 mwaka 1996. Mtu mwenye shaka atasema kwamba idadi ya walioambukizwa hushuka pia wagonjwa wanapokufa, na atakuwa sahihi; dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa bure na serikali hadi mwaka 2004. Lakini wasichana wa umri ule hawakuwa wamefika wakati wa kufa, na maambukizi mapya nayo yalionekana kupungua. Watu walikuwa wamebadilika kabla ya dawa kuja. Walibadilika kwa kuzika. Mikutano na mabango yalisaidia, lakini sijui bango lenye nguvu kuliko majeneza matatu katika kitongoji kimoja ndani ya mwezi mmoja.

Ndipo wachumi wakaja. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuata kaya zaidi ya 900 katika jamii 51 za Kagera, wakiuliza kila kitu: mmekula nini, mmezika nani, mmeuza mikungu mingapi, nani ana viatu. Lengo lilikuwa kujua kifo cha mtu mzima kinaifanya nini kaya. Mwaka 2004 watafiti, safari hii wakitokea ofisi ya utafiti iliyokuwa Bukoba mjini, waliwasaka watu walewale popote walipokwenda, hadi Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Kaya zile 900 na kitu zilikuwa zimezaa zaidi ya 2,700. Wakarudi tena 2010. Wanafunzi wa uchumi wa vyuo vikuu vingi duniani wamejifunza kwa takwimu za vibanja hivi bila kuviona.

Matokeo mawili yanafaa kutajwa. La kwanza: mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alikua akiwa mfupi kwa wastani wa sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na alipoteza mwaka mmoja wa shule. Sentimita 2 hazionekani kwa mtu mmoja. Kwa kizazi kizima ni deni linalobebwa mwilini hadi kaburini. La pili ni chungu zaidi kwa mpenda kwao: waliohama kijiji waliongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Ukiisoma takwimu hiyo haraka, ushauri wake wa maendeleo ni mfupi: ondoka. Lakini nani angewalea yatima kama kila mwenye nguvu angeondoka?

Walilelewa na bibi zao. Hilo halikuhitaji utafiti. Lilionekana kila uwanja. Nshamba, kwenye vilima vya Muleba, ulianza mwaka 2003 mpango mdogo uitwao Kwa Wazee, ambao ulifanya jambo ambalo mashirika makubwa ya wakati ule yaliliona kama uzembe: uliwapa wazee fedha taslimu kila mwezi, bila semina na bila masharti ya mradi. Wakosoaji walitabiri pombe. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha fedha zilikokwenda: chumvi, sabuni, viatu vya shule, chakula bora kidogo, kibarua wa kulima pale mgongo wa bibi ulipokataa. Sabuni ni afya ya jamii kama ilivyo chanjo, ila haina waziri wa kuizindua. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina yake yenyewe. Tanzania Bara wazo hilo limejadiliwa miaka mingi na bado pensheni ya wazee wote haijaanza.

Malaria haikusubiri UKIMWI umalize zamu yake. Watu wa vilima vya juu hawakuwa na kinga ya kutosha kama wa mabondeni, kwa hiyo mvua zilipozidi kiasi, homa iliwafagia watoto na watu wazima kwa pamoja. Ilikuwa hivyo baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, na ikawa hivyo tena mwaka 2006. Mwaka uleule wa 2006 mnyauko wa migomba ulithibitishwa Muleba: mgomba unageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza, na panga lililokata mgomba mgonjwa linaupeleka ugonjwa kwa mgomba mzima. Kaya ambayo baba yuko kitandani kwa homa na kibanja kinakufa haina ugonjwa wa binadamu mbali na ugonjwa wa mmea. Yote ni njaa moja.

Jibu la serikali na wafadhili wa Marekani kwa malaria lilikuwa upuliziaji wa dawa-ukoko, ulioanza Muleba mwaka 2007. Vitu vyote vinatolewa nje, magodoro juani, kuku wanafukuzwa, mpuliziaji anaingia na mtungi mgongoni, kisha familia inakaa nje ikisubiri. Malaria ilishuka kweli. Lakini dawa iliyopuliziwa ukutani na dawa iliyokuwa kwenye vyandarua zilikuwa za ukoo mmoja, pairethroidi, na mbu waliokutana nayo ukutani na kitandani walianza kuizoea. Kufikia 2011 watafiti waliwapima mbu wa Muleba wakakuta usugu wa kiwango cha juu. Mbu huyo anatua juu ya chandarua, anaivunjavunja dawa mwilini mwake kwa vimeng'enya, anaondoka mzima.

Hapo ndipo kilipokuja chandarua chenye kemikali ya ziada. Kemikali hiyo, PBO kwa kifupi, haiui mbu. Inazuia vile vimeng'enya, na dawa ya zamani inapata nguvu yake tena. Baada ya miezi tisa asilimia 29 ya watoto wa maeneo yaliyogawiwa vyandarua hivyo walikutwa na vimelea, dhidi ya asilimia 42 ya wale wa maeneo ya vyandarua vya kawaida. Kupulizia nyumba kwa dawa ya ukoo mwingine kulileta tofauti inayokaribiana, 28 kwa 44. Ila kufanya vyote viwili katika nyumba moja hakukuongeza chochote kilichopimika, na kwa wilaya yenye bajeti ndogo habari hiyo ilikuwa na thamani ya fedha nyingi.

Kuna namba nyingine ndani ya taarifa ileile ambayo haikupata vichwa vya habari. Mwaka wa kwanza asilimia 77 ya wakazi walisema wanalala ndani ya chandarua. Mwaka wa pili walikuwa 59. Vyandarua vilichanika. Vilipanda na kushuka juu ya vitanda vya watoto watatu watatu, vikashikwa na msumari, vikaungua kwa kibatari. Kemikali bora duniani haina la kufanya kupitia tundu la ngumi. Utafiti mwingine, Misungwi mkoani Mwanza, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba kufikia mwaka wa pili faida ya vyandarua vya PBO ilikuwa imefifia, na chandarua kipya chenye dawa iitwayo klofenapiri kikashinda. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likabadili tena pendekezo lake. Mshonaji mwenye uzi na sindano hajawahi kuingizwa katika tafiti hizo.

Machi 2023 watu wa kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba vijijini, walianza kufa kwa homa, kutapika na kutokwa damu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametokea Goziba, kisiwa cha wavuvi cha wilaya ya Muleba. Tarehe 21 Machi serikali ilitangaza kuwa ni ugonjwa wa virusi vya Marburg, mara ya kwanza kwa Tanzania. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, mmoja wao mtumishi wa afya. Waliokutana na wagonjwa, zaidi ya 200, walifuatiliwa siku 21 kila mmoja, na kazi hiyo haikufanywa na bingwa kutoka Berlin. Ilifanywa na wahudumu wa afya wanaojua nyumba ipi iko nyuma ya mgomba upi, wanaobisha hodi kila asubuhi na kipimajoto. Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha.

Uliporudi, Januari 2025, ulikuwa Biharamulo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zote zilizopimwa hazikuwa na virusi. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa, sampuli ikiwa imepimwa katika maabara ya Kabaile, mkoani Kagera, kisha kuhakikiwa Dar es Salaam. Maabara ilikuwa jirani, na safari hii majibu hayakuhitaji meli wala barua ya Ulaya. Kabla ya maabara, hata hivyo, kuna zahanati, na mgonjwa wa Marburg siku ya kwanza hana tofauti na mgonjwa wa malaria. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Wagonjwa walikuwa 10, wawili wa kuthibitishwa na wanane wa kukisiwa kwa dalili na ukaribu wao. Hakupona hata mmoja.